Ushahidi na Ushuhuda: Usahihi wa Historia katika Maandiko Matakatifu na Madai ya Dini Kandokando ya Ziwa Viktoria

Utangulizi

Katika Kiswahili, maneno ushahidi na ushuhuda yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo mahali na kuona. Hata hivyo, katika matumizi maneno hayo yameachana. Ushahidi hutolewa mahakamani. Hupimwa, hupingwa, na hakimu anaweza kuukataa. Ushuhuda hutolewa kanisani, na nduguye, shahada, hutamkwa msikitini. Haya humfunga kwanza yule anayeyatamka. Neno shahidi limebaki na mizigo yote miwili. Shahidi ni mtu aliyeona tukio akalieleza. Tena shahidi ni mtu aliyekufa kwa ajili ya imani yake.

Mhadhara huu unashughulikia swali moja: iwapo maandiko matakatifu yakithibitika kuwa sahihi katika mambo ya historia, je, madai yake kuhusu Mungu nayo yamethibitika? Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya mabishano ya kidini yaliyoendeshwa kwa Kiswahili tangu karne ya 19 imetoka kwenye ushahidi na kuingia kwenye ushuhuda bila wasemaji kutambua kwamba mpaka umevukwa. Lugha yenyewe imerahisisha jambo hilo, kwa kuwa neno moja, kweli, hutumika kwa habari iliyohakikishwa na vilevile kwa imani inayoshikwa. Lakini lugha hiyohiyo ina nyenzo za kuuonyesha mpaka huo.

Nkome na tabaka tatu za masimulizi

Nkome ni kata ya wavuvi katika Wilaya ya Geita, kwenye ufuko wa kusini-magharibi wa Ziwa Viktoria. Hadi mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Geita, ilihesabiwa katika Mkoa wa Mwanza. Kutoka hapo mashua huvuka kwenda kisiwa cha Rubondo. Nchi hiyo kwa asili ni ya Wazinza, lakini samaki, ardhi na dhahabu ya Geita vimewavuta watu wa makabila mengi, hasa Wasukuma.

Katika ukanda huu yamekutana masimulizi matakatifu ya tabaka tatu. La kwanza ni la Wachwezi. Koo za Wahinda zilizotawala Uzinza, kama zile za Karagwe na Buhaya, zilijinasibisha na Ruhinda, na kwa njia yake na Wachwezi, watawala wa kale ambao baadaye waliheshimiwa kama mizimu. Miongoni mwa mizimu hiyo ni Mugasha, anayehusishwa na ziwa na dhoruba. La pili ni la Kurani, iliyofika bara pamoja na wafanyabiashara wa Pwani na Waarabu. La tatu ni la Biblia, iliyoletwa na wamisionari kuanzia miaka ya 1870.

Katika mazingira ya namna hii, swali la ukweli wa maandiko si la darasani pekee. Linaingia katika ndoa, katika mazishi na katika kitoweo. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere, ndani ya mkoa huohuo wa Geita, mzozo kuhusu nani ana haki ya kuchinja ulizaa ghasia zilizosababisha kifo. Mzozo huo haukuzuka kwa sababu ya tarehe wala majina ya wafalme wa kale. Lakini unaonyesha uzito wa dai la kidini katika maisha ya majirani, na kwa nini ni muhimu kujua ni hoja gani zinaweza kulitegemeza na zipi haziwezi.

Baraza la Mutesa, 1875

Mfano wa mapema na ulio wazi wa swali hili katika eneo la Ziwa ni ule wa Kabaka Mutesa I wa Buganda. Mwezi Machi 1875 Henry Morton Stanley aliondoka kwa mashua kutoka Kageyi, katika Usukuma, mashariki ya Mwanza ya leo, akafika kwa Mutesa mwezi Aprili. Mutesa alikuwa amekwisha kujifunza Uislamu kwa wafanyabiashara, na kwa miaka kadhaa alikuwa ameshika mfungo wa Ramadhani. Baadaye mwaka huohuo Stanley alirudi kwake, na kwa msaada wa Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni ya UMCA huko Zanzibar, habari za Biblia kuanzia Uumbaji hadi kusulubiwa kwa Yesu zilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa ufupi. Hivyo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mashindano ya kwanza kati ya vitabu viwili katika nchi ya Maziwa, mbali sana na Pwani kilikozaliwa.

Kwa mujibu wa maelezo ya Stanley mwenyewe, Mutesa aliwakusanya wakuu wake akawaeleza kwa nini aliona kitabu cha wazungu kuwa bora. Sababu zake zilikuwa mbili. Kwanza, alilinganisha mwenendo wa wazungu aliowaona na ule wa wafanyabiashara waliofuata pembe na watumwa. Pili, alisema kwamba kitabu hicho huanza tangu mwanzo wa dunia, hueleza iliumbwa kwa siku ngapi, na kina maneno ya Mungu, ya Musa, ya Sulemani na ya Yesu.

Sababu hizo zinastahili kuchunguzwa. Ya kwanza ni ya kumpima shahidi kwa tabia yake. Ya pili ni ya kulipima simulizi kwa ukamilifu wake: lina mwanzo, lina mpangilio, lina majina. Mahakamani vipimo hivyo vyote viwili vinakubalika. Shahidi mwenye sifa njema, anayeeleza kwa utaratibu, husikilizwa zaidi. Lakini hakuna hata kimoja kinachojibu swali la msingi, yaani mwandishi aliyajuaje aliyoyaandika kuhusu siku ambazo hakuna mwanadamu aliyekuwapo. Zaidi ya hayo, taarifa nzima imetoka kwa Stanley, mtu aliyekuwa na haja yake. Barua yake ya kuwaita wamisionari Buganda ilichapishwa katika gazeti la Daily Telegraph mwezi Novemba 1875. Mwanahistoria analazimika kumpima Stanley kwa kipimo kilekile ambacho Mutesa alikitumia kwa vitabu.

Yaliyofuata yalionyesha jinsi sababu hizo zilivyokuwa na nguvu ndogo. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1877, na wale wa Kikatoliki mwezi Februari 1879. Makundi hayo mawili yalisimama mbele ya Kabaka yakiwa na habari zilezile za Musa na za Yesu, na bado yakapingana. Kukubaliana juu ya matukio hakukuwapatanisha juu ya dini. Mutesa mwenyewe alikufa mwezi Oktoba 1884 bila kubatizwa. Aliyesifu simulizi mbele ya wakuu wake hakuingia katika agano ambalo simulizi hilo lilitangaza.

Walioingia walikuwa wengine. Mwaka 1876, kwa amri ya Mutesa, waliuawa vijana Waislamu wa ikulu waliokataa kusali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa na kula nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa. Chini ya mwanawe Mwanga waliuawa Wakristo, Wakatoliki kwa Waanglikana, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Waislamu na Wakristo huwaita watu wao hao mashahidi. Hapa maana mbili za neno zinatengana waziwazi. Kifo cha shahidi huthibitisha kwamba aliamini kwa dhati. Hakithibitishi kwamba alichokiamini ni sahihi. Kwa maana makundi mawili yaliyokanushana katika jambo zito, yaani kama Yesu alisulubiwa au la, yote yalitoa mashahidi ndani ya miaka kumi na katika ufalme mmoja.

Mawe ya Moabu na udongo wa Ashuru

Hoja kwamba kitabu chenye historia sahihi ni kitabu cha Mungu inaweza kujaribiwa kwa Biblia yenyewe, kwa sababu baadhi ya matukio yake yameandikwa pia na maadui wa Israeli. Mifano miwili inatosha.

Mwaka 1868 huko Dhiban, mashariki ya Bahari ya Chumvi, lilipatikana jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 KK. Mesha huyo anatajwa katika Wafalme wa Pili, sura ya 3. Jiwe linamtaja Omri, mfalme wa Israeli, na linaeleza uasi wa Moabu. Kwa hiyo jiwe na kitabu vinakutana katika watu, nchi na ugomvi. Lakini Mesha anaandika kwamba Israeli iliwatesa Wamoabu kwa kuwa mungu wao Kemoshi alikuwa ameikasirikia nchi yake, na kwamba baadaye Kemoshi huyohuyo ndiye aliyewapa ushindi.

Mfano wa pili ni wa mwaka 701 KK, pale Senakeribu wa Ashuru alipoivamia Yuda. Maandishi yake kwenye udongo uliochomwa yanadai kwamba aliteka miji 46 yenye ngome, akamzingira Hezekia Yerusalemu na kupokea kodi ya talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Wafalme wa Pili, sura ya 18, inataja talanta 30 za dhahabu na 300 za fedha. Kiasi cha dhahabu ni kilekile. Cha fedha kimetofautiana. Senakeribu hadai kwamba aliuteka mji, na Biblia nayo inasema haukutekwa. Lakini Senakeribu anamshukuru mungu wake Ashuru kwa vita hivyo, ilhali Biblia inasimulia malaika wa Bwana aliyelipiga jeshi lake usiku.

Ni nadra mwanahistoria kupata mashahidi wanaokubaliana kiasi hiki, kila mmoja akiwa upande wake. Hata hivyo, kama usahihi wa matukio ungekuwa uthibitisho wa dini, basi jiwe la Mesha lingemthibitisha Kemoshi, na udongo wa Ninawi ungemthibitisha Ashuru. Hakuna Mkristo wala Mwislamu atakayekubali matokeo hayo. Anayeyakataa analazimika pia kukataa kanuni iliyoyazaa, hata pale kanuni hiyo inapoupendelea upande wake.

Kurani nayo inatoa mfano wa namna yake. Sura ya 30, Ar-Rum, inasema kwamba Warumi wameshindwa na kwamba watashinda baada ya miaka michache. Waajemi waliiteka Yerusalemu mwaka 614, na Heraklio akawashinda karibu na Ninawi mwaka 627. Kwa Mwislamu hii ni ishara kubwa, na kwa mantiki ni hoja nzito kuliko ile ya jiwe, kwa kuwa inahusu jambo lililotangazwa kabla ya kutokea. Mwanahistoria anaweza kuthibitisha vita. Anaweza pia kujadili wakati wa kutamkwa kwa aya. Lakini maarifa hayo yalitoka wapi, chombo chake cha kupimia hakifiki huko. Vivyo hivyo, mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Birmingham kilitangaza kwamba ngozi ya kurasa mbili za Kurani zilizohifadhiwa huko ilipimwa kwa kaboni na kupewa umri wa kati ya mwaka 568 na 645. Kipimo hicho ni habari njema kwa wanaochunguza uhifadhi wa maandishi. Kinaeleza umri wa ngozi ya mnyama. Hakielezi kama maneno yaliyoandikwa juu yake yameshushwa.

Katuruka na Wachwezi

Huenda ikadhaniwa kwamba suala hili ni la dini za kitabu tu. Masimulizi ya magharibi ya Ziwa yanaonyesha vinginevyo. Katika Katuruka, karibu na Bukoba, wazee walisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, anayekadiriwa kuwa wa karne ya 17, aliyewaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni. Mahali pa mnara huo palihusishwa na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, mwanaakiolojia Peter Schmidt aliyafuata masimulizi hayo akachimba, akapata mabaki ya uhunzi wa chuma. Umri wa mabaki hayo ulirudi nyuma hadi kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka 1,500 kabla ya mfalme huyo.

Matokeo haya yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba masimulizi ya mdomo, yaliyodharauliwa na wataalamu wengi wa enzi za ukoloni, yalimwongoza mchimbaji hadi mahali penyewe: palikuwa na wahunzi, palikuwa na chuma. La pili ni kwamba usahihi huo ulikuwa wa mahali na wa kazi, si wa tarehe, wala si wa mnara uliofika mbinguni. Ukumbusho wa kale uliambatanishwa na jina la mfalme wa baadaye ili kumpa heshima.

Kwa Wachwezi hali ni hiyohiyo. Mahandaki makubwa ya Bigo, nchini Uganda, yaliyochimbwa na Peter Shinnie mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960, yanaonyesha kwamba karne kadhaa kabla ya wazungu kufika palikuwa na jamii yenye mamlaka ya kuwakusanya watu kwa kazi kubwa. Wengi wameyahusisha na Wachwezi, wengine wamelikataa jambo hilo. Lakini hata likikubaliwa kikamilifu, mvuvi wa Nkome anayekataa kumtolea Mugasha kitu kabla ya kuingia ziwani hatalazimika kubadili nia. Handaki ni ushahidi wa jembe na wa mamlaka. Si ushahidi wa mzimu. Muumini wa Biblia au wa Kurani huliona hili mara moja linapohusu Wachwezi. Ugumu huanza anapotakiwa kulitumia kwa kitabu chake.

Tafsiri, tanbihi na mihadhara

Katika karne ya 20 mashindano yalihamia kwenye tanbihi za vitabu, kisha viwanjani. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1923 na Kasisi Godfrey Dale wa UMCA, ikiwa na maelezo yaliyoipinga kutoka mtazamo wa Kikristo. Mwaka 1953 ilitoka tafsiri ya Waahmadiya iliyosimamiwa na Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi, na mwaka 1969 ile kamili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye aliwajibu wote wawili. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, tanbihi hizo ni hazina ya nathari ya hoja. Zinaonyesha lugha ikijizoesha maneno ya kupinga, kuthibitisha, kunukuu na kulinganisha.

Katika miaka ya 1980 ilizuka mihadhara ya mlingano wa dini. Baada ya ziara ya Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, wahubiri wa Kiislamu wa Tanzania walisimama hadharani wakiwa na Biblia mkononi, na wahubiri wa Kikristo wakajibu kwa kusoma Kurani. Mtindo huo ulienea hadi miji ya Kanda ya Ziwa. Namna ya kujenga hoja ilifanana pande zote mbili. Msemaji alionyesha kosa katika kitabu cha wenzake, kwa mfano nasaba mbili za Yesu zisizolingana, au mtu wa zama moja aliyetajwa katika zama nyingine. Kisha akahitimisha kwamba kitabu chote si cha Mungu. Alipoonyesha jambo sahihi katika kitabu chake, alihitimisha kwamba chote ni cha Mungu. Hatua zote mbili ni ndefu mno kwa uzito wa kitu kinachozibeba.

Ajabu ni kwamba mapokeo ya pande zote mbili yalikuwa na tahadhari ambayo jukwaa liliisahau. Elimu ya hadithi, iliyokomaa zama za Bukhari aliyefariki mwaka 870, haikuuliza tu kama maneno ni mazuri au yanawezekana. Iliuliza nani aliyapokea kwa nani, na kama mpokezi alikuwa mwaminifu. Wanazuoni walitofautisha pia ngazi za yakini: kujua kwa elimu, kujua kwa kuona kwa jicho, na kujua kwa kuifikia hakika yenyewe. Upande wa Kikristo, theolojia ya kale ilifundisha kwamba imani ni kipawa, na kwamba hoja huweza kuondoa vizuizi bila kuizaa.

Kinachobaki kwa historia

Je, basi, usahihi wa historia hauna maana kwa dini? Jibu hilo nalo lingekuwa kosa. Ukristo na Uislamu ni dini zinazodai kwamba Mungu ametenda na kusema ndani ya wakati. Mtume Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 15, anakubali kwamba kama Kristo hakufufuka, imani ya Wakristo ni bure. Uislamu nao unasimama juu ya dai kwamba mtu mmoja, katika mji unaojulikana na katika miaka inayojulikana, alipokea wahyi. Dini inayotaja mahali na mwaka imejiweka yenyewe mbele ya mwanahistoria.

Hata hivyo, uwezo wa mwanahistoria hauko sawa pande zote. Anaweza kuliumiza dai kuliko anavyoweza kulithibitisha. Akionyesha kwamba tukio la msingi halikutokea, dai lililojengwa juu yake limeyumba. Akionyesha kwamba lilitokea, bado hajaonyesha lilikuwa tendo la nani. Tena, si kila kosa huvunja msingi. Injili ya Luka inaweka kuzaliwa kwa Yesu wakati wa sensa ya Kirenio, ambayo wanahistoria huihusisha na mwaka 6 BK, ilhali Injili ya Mathayo inamweka katika siku za Herode, ambaye kwa kawaida huhesabiwa kuwa alikufa mwaka 4 KK. Ugumu huo ni wa kweli na haufai kufunikwa. Unagusa uangalifu wa msimulizi. Haugusi moja kwa moja swali la Yesu ni nani.

Kwa hiyo usahihi unaweza kufanya kazi tatu. Unaweza kumjengea msimulizi sifa ya uaminifu katika mambo yanayoonekana. Unaweza kuliondoa dai linalopingana na mambo yaliyothibitika. Unaweza pia kuonyesha waliolishika neno kwanza walikuwa nani na walilielewaje. Kazi ya nne, ya kumvusha mtu kutoka tukio hadi kwa Mungu, hauiwezi.

Hitimisho

Kiswahili kinayo maneno ya kuushika mpaka huu. Kuamini habari si sawa na kumwamini mtu, ingawa kitenzi ni kimoja. Habari huaminiwa kwa sababu zimehakikishwa. Mtu huaminiwa kiasi cha kukabidhiwa amana, na amana, imani na uaminifu yote yanatoka katika mzizi mmoja. Anayekabidhi amana hana hati ya kila jambo litakalotokea. Ana sababu, na zaidi ya sababu ana uamuzi ambao yeye mwenyewe ataujibia.

Mwanafunzi wa lugha na historia ana wajibu wa kuyatenganisha mambo haya hata pale jamii inapoyachanganya. Akiulizwa kama Mesha aliishi, ajibu kwa ushahidi. Akiulizwa kama Kemoshi alimwokoa, aseme wazi kwamba swali limebadilika. Tofauti hiyo haimnyang'anyi muumini kitu alichokuwa nacho kwa haki, na haimpi asiyeamini ushindi ambao hajaufanyia kazi. Kwa majirani wanaogawana ufuko mmoja, soko moja na makaburi mamoja, ina faida nyingine: mtu anaweza kukubali jiwe lisemalo kweli katika kitabu cha mwenzake bila kuacha chake, na anaweza kukiri ugumu katika chake bila kuona kwamba nyumba yake imebomoka.

Mutesa alihukumu kwa haraka mwaka 1875 na hakubatizwa hadi alipokufa. Wale vijana wa 1876 na 1886 hawakuacha nyuma hoja yoyote kuhusu nyakati za wafalme. Kwa mwanahistoria, vifo vyao vimebaki ushahidi wa yaliyotokea Buganda. Kwa waumini wa dini hizo mbili, ni ushuhuda.